Wahitimu wetu wa Mbeya na Iringa: tunavyosema wamefanikiwa na ukweli ulivyo

Ikifika mwezi wa 11 na wa 12 huku kwetu huhitaji kuambiwa kwamba mahafali yameanza, majoho yamejaa stendi, kumbi zote zimeshachukuliwa, na kadi za mchango zinazunguka kwenye magrupu ya wasapu ya ukoo mpaka unakuta umechangia watoto ambao hata sura zao huzikumbuki vizuri. Mimi napenda sana msimu huu na nachangia kwa moyo mmoja. Ila kuna maneno tunayasema kuhusu wahitimu, nani katoka kimaisha na nani kakwama, yamezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeuliza tena kama ni kweli. Mengi sio kweli, na yanawaumiza vijana wetu.

"Aliyefanikiwa ni mwenye cheo"

Hii ndo inayozaa zingine zote. Ingia chuo chochote, angalia ukutani pale wanapoweka picha za wahitimu wa kujivunia, utakuta waziri, mbunge, mkurugenzi, mkuu wa wilaya. Wanastahili kabisa, sina ugomvi na picha zao. Ila chuo kinatoa mamia ya watu kila mwaka na vyeo vya namna hiyo nchi nzima vinahesabika, sasa wale wengine wote tunasemaje, wamefeli?

Tuchukue Mkwawa pale Iringa. Ilianza kama sekondari, ikawa chuo cha ualimu, na toka 2005 ni chuo kikuu kishiriki cha elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hayati Magufuli alisoma hapo form five na six kuanzia 1979 mpaka 1981, akaendelea hapo hapo na diploma ya ualimu, kemia na hesabu, akaenda kufundisha sekondari ya Sengerema. Ukikaa na watu wa Iringa utasikia "Mkwawa imetoa rais", na ni kweli, ni fahari yetu wote. Lakini Mkwawa haikumfundisha urais! Ilimfundisha kuwa mwalimu wa kemia na hesabu, na hiyo ndo kazi ambayo chuo kile kimeifanya kwa maelfu ya watu ambao picha zao hazipo ukutani. Na kama unapima digrii kwa ubunge, kumbuka Katiba yetu inamtaka mgombea ubunge ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, basi, digrii haijatajwa hapo.

Kuna mwalimu mmoja wa fizikia namfahamu, yuko shule ya kata huko juu mkoa wa Njombe kwenye baridi ile ya mwezi wa 7. Maabara ilikuwa jina tu. Akakusanya betri za redio, balbu za tochi na nyaya alizochuna kwenye chaja mbovu za simu, akapasua mabanzi kutoka kwa wapasua mbao, akagongea misumari, kila kundi la wanafunzi likawa na ubao wake wa kufanyia sakiti. Unamuona mtoto wa form two anahamisha waya kutoka msumari huu kwenda ule, balbu zinafifia, anarudisha, zinawaka vizuri, hapo ameshaelewa tofauti ya sakiti mfululizo na sakiti sambamba na hatoisahau. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Betri. Kwangu mimi huyu ni mhitimu wa kuwekwa ukutani, tena katikati.

"Vyuo vya mikoani havitoi watu"

Hii inasemwa sana na waliosoma Dar, na cha kusikitisha na sisi wenyewe tunaikubali. Watu wanasahau umri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe mwaka 1961 kilianza na kitivo kimoja tu cha sheria, tena kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, huko Mlimani walihamia baadaye. Sasa kimepita miaka sitini na kitu, lazima kiwe na majina makubwa. Sisi huku MUST, yaani Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, imekuwa chuo kikuu 2012, Chuo Kikuu cha Iringa cha Walutheri kilianza miaka ya tisini kikiwa bado chini ya Tumaini, Ruaha ya Wakatoliki ikafuata, na Mbeya tuna TEKU ya Wamoravian iliyopewa jina la askofu Teofilo Kisanji. Aliyemaliza digrii MUST kwenye ile mikupuo ya mwanzo leo ana miaka thelathini na kitu, ndo kwanza anaingia kwenye umri wa kukabidhiwa mradi mkubwa. Unamlinganishaje na mtu aliyehitimu 1975?

"Alumnai ni wa digrii, wale wa FTC hawahusiki"

Hapa naomba niseme kwa kirefu kidogo maana inaniuma. Kabla ya kuwa MUST pale Iyunga palikuwa Mbeya Technical College, kilianza 1986, mwaka 2005 kikawa taasisi, MIST, halafu ndo chuo kikuu. Miaka yote ile ya mwanzo kilikuwa kinatoa mafundi sanifu, watu wa FTC, yaani cheti kamili cha ufundi sanifu kilicho chini ya digrii, wa umeme, wa majengo, wa mitambo. Leo hii ukisema tunaita wahitimu wa zamani, wengi wao hawaji, wanaona "sisi hatukusoma chuo kikuu". Na kuna vijana wa digrii wanawaangalia hivyo hivyo.

Mtu yeyote aliyefanya kazi saiti anajua ngazi zilivyo, kuna fundi mchundo, kuna fundi sanifu, kuna mhandisi, na ukiondoa yule wa katikati kazi inasimama. Mhandisi kachora na kupiga mahesabu, fundi mchundo anafunga nondo, katikati hapo lazima awepo mtu anayesoma mchoro, anayepima, anayesimamia mchanganyiko wa zege na kusema hii hapana, bomoa urudie. Huyo ndo fundi sanifu. Wale wa FTC wa miaka ya themanini mwishoni na tisini ndo waliokamata mabomba ya maji, laini za umeme na barabara za kanda hii, wengi wanastaafu sasa hivi, na wengine walijiendeleza wakapata hata digrii wakiwa kazini. Historia ya chuo wanayo wao. Ukitaka kujua karakana zilikuwaje na mashine ipi ilikuwa inasumbua, muulize mzee wa FTC, na mwite kwenye sherehe kwa heshima yake, umpe kiti cha mbele na kipaza sauti.

"Kamaliza sheria, basi ni wakili"

Hii fupi. Kwenye kadi tunaandika "Wakili msomi", "Daktari", "Injinia" siku ya mahafali, ila bado. Wa sheria anatakiwa apite Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, afaulu, ndo aje aapishwe na Jaji Mkuu. Wa udaktari akimaliza miaka yake 5 ana mwaka mzima wa utarajali hospitali kabla Baraza la Madaktari Tanganyika halijamsajili kamili. Mhandisi anaanza kama mhandisi mhitimu kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi, anafanya kazi chini ya usimamizi, mtaalamu kamili anakuja kuwa baadaye. Mhasibu ana mitihani ya CPA, ile ya uhasibu wa kitaalamu ya bodi ya wahasibu NBAA, ambayo kila mtu anajua inavyokaba. Hatua hizi za pili ndo ngumu kuliko zile za kwanza, na ndo hazina sherehe, hazina keki, hazina mchango. Mtu anafaulu CPA anaambiwa "hongera" kwenye grupu na emoji mbili basi.

"Kasoma mpaka chuo kikuu halafu kaja kulima, kapoteza"

Hii ndo inasemwa zaidi na wazazi wetu, na nawaelewa, waliuza ng'ombe na kiwanja ili mtoto aondokane na jembe. Lakini kilimo anachofanya mhitimu wa Sokoine au wa chuo cha kilimo Uyole sio kile walichokikimbia wao. Wanyalukolo na Wanyakyusa wenzangu mnajua parachichi la Hass limebadilisha nini Njombe na Rungwe, wanunuzi wanalitafuta lipelekwe nje, na mti wa Hass hautoki kwenye mbegu uliyoifukia tu, ukifukia mbegu mti utakaopata matunda yake hayatafanana na mama yake. Lazima ubebeshwe.

Dada mmoja mhitimu wa kilimo ana kitalu nje kidogo ya Njombe mjini, nilisimama nikamwangalia akifanya. Anachukua mche wa kienyeji uliofika unene wa penseli, anaukata juu, anaupasua katikati kwa kisu chenye makali ya wembe, anachukua kikonyo cha Hass kilichochongwa kabari, anakiingiza taratibu mpaka ganda la huku na ganda la kule vikutane, anafunga kwa nailoni kuanzia chini kupanda juu, maji yasiingie. Hata dakika mbili haziishi. Kisu anakipangusa kwa spiriti kabla ya mche unaofuata, ugonjwa usihame. Wasaidizi wake watatu, wote wamemaliza form four, amewafundisha yeye mwenyewe. Wakulima wanakuja na pikapu kuchukua miche na anawauliza shamba liko wapi, maji yanatuama au hayatuami, maana parachichi mizizi yake haitaki maji yaliyosimama, na kama yanatuama hakuuzii mpaka uchimbe mifereji. Mama yake mdogo bado anamwambia kila Krismasi "mwenzako yule kashakuwa meneja benki". Mwenyewe anacheka tu, anamwambia "sawa mama", anarudi kitaluni.

Namuombea siku chuo chake kimuite akaongee na wanafunzi wa mwaka wa tatu, maana wale wanahitaji kumuona yeye kuliko mtu yeyote.

"Kabebwa na siasa huyo"

Sasa upande wa pili. Tunapenda vyeo, ila mtu wa kwetu akikipata tunasema kabebwa. Dkt. Tulia Ackson, wa Mbeya hapa hapa, aliposhinda urais wa Umoja wa Mabunge Duniani Oktoba 2023 kule Luanda, mwanamke wa kwanza wa Afrika kwenye nafasi ile, watu wengi walimjua kama mwanasiasa tu. Kabla ya siasa alisoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaenda kuchukua uzamivu Cape Town, akarudi kufundisha sheria kwa miaka, akawa Naibu Mwanasheria Mkuu 2015, Naibu Spika mwaka ule ule, Spika 2022. Unaweza usikubaliane na siasa zake, ni haki yako, ila miaka ile ya darasani ipo na mtoto wa kike wa Loleza au Iganzo anatakiwa aisikie. Na Profesa David Mwakyusa wa Rungwe wengi wanamkumbuka kama waziri wa afya, wakati kabla ya hapo alikuwa daktari wa Mwalimu Nyerere. Taaluma ilitangulia.

Na kwa wale wanaosema umri umeenda, Rais Samia alizaliwa 1960 na shahada yake ya uzamili ya Chuo Kikuu Huria aliipata 2015.

"Konvokesheni wanatafuta hela tu"

Konvokesheni ni ule umoja wa wahitimu wa chuo, na maneno haya yamewafanya watu wakimbie magrupu ya wahitimu. Hela inaombwa, ndiyo, na mtu ambaye tayari anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kurudisha mkopo wa bodi ya mikopo ya wanafunzi anaona ameshachangia vya kutosha. Na kweli kachangia, kwa sababu marejesho yale yanasaidia kukopesha wanaoingia chuo sasa. Lakini kwenye vyuo vingi vyetu konvokesheni ni chombo kilichopo kisheria, ukihitimu tu wewe ni mwanachama, na vyuo kadhaa vinawapa wahitimu kiti kwenye baraza la chuo. Maana yake una sauti kwenye mambo kama mtaala na karakana. Usipokwenda, kiti chako anakalia mwingine.

Na vitu ambavyo chuo kinavihitaji zaidi kwako havina bei. Namba yako ya simu iliyo sahihi, uhusike kwenye utafiti wa kufuatilia wahitimu wanapokwenda. Nafasi ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi, ofisini kwako, hata mbili tu, maana kila mwaka vijana wanazunguka Mwanjelwa, Uyole, Mafinga, Makambako na barua mkononi wanaambiwa "nafasi zimejaa". Jumamosi moja ya kupitia sivi zao na kuwafanyisha intavyuu ya mazoezi. Kama uko kwenye kampuni, karakana, shule, hospitali au shamba hapa nyanda za juu kusini, barua za fildi zinaanza kusambazwa kabla semista ya pili haijaisha, kwa hiyo mtafute mratibu wa fildi wa chuo chako mapema umwambie unaweza kuchukua wangapi, wa fani gani, na kama utawapa chakula cha mchana.