Hitipampu haichemshi maji? Usikimbilie kuongeza gesi

Kila ikifika mwezi wa sita simu za karakana yetu zinaanza kulia, hasa kutoka Njombe, Iringa na Mbeya, na maneno ni yale yale: "Mwalimu, ile hita yangu yenye feni kama ya AC haichemshi, fundi kasema gesi imeisha." Mimi nafundisha majokofu na viyoyozi chuo cha ufundi na hayo maneno ya mwisho ndo yamenifanya niandike leo. Gesi ya hitipampu haiishi jamani. Haiungui kama ya jikoni, inazunguka humo humo kwenye mabomba yaliyofungwa miaka nenda miaka rudi, sawa na ya friji lako. Ikipungua ujue kuna mahali inavuja, na ukijaziwa bila kuziba hapo panapovuja hela yako imeenda hewani pamoja na hiyo gesi.

Kwa asiyeijua, hitipampu ni friji lililogeuzwa. Friji linatoa joto ndani na kulitupa nyuma, hii inachukua joto la hewa ya nje na kulisukumia kwenye tangi la maji. Ndo maana inakula umeme kidogo. Tangi la lita 150 kulitoa nyuzi 20 mpaka 60 linahitaji joto la kama uniti 7, hita ya kawaida ya elementi inazila zote saba kwenye LUKU, ila hitipampu nzima kwenye hali ya hewa nzuri inakula kama uniti mbili na nusu hivi, nyingine zote inazichota hewani bure. Lakini inaenda polepole, inaweza kuchukua masaa manne matano, kwa hiyo kama mmeoga watu sita mfululizo alafu wa saba kakuta maji ya uvuguvugu, hapo hakuna kilichoharibika, tangi limeisha tu.

Sasa kabla hujaita mtu angalia joto linaloandikwa kwenye kioo cha mashine, alafu shika kwa kitambaa bomba linalotoka kwenye tangi huku bomba la moto limefunguliwa bafuni. Kuna mama mmoja Njombe alishalipia gesi mara mbili msimu mmoja. Nilipofika kioo kinasoma 55, bomba la kutokea tangini halishikiki, bafuni maji vuguvugu. Tangi lilikuwa zima kabisa! Bafu la wageni lilikuwa na shawa ya mkono yenye kitufe cha kuzimia pale kichwani, watu wanazima kitufe wanaiacha mixa, yaani bomba la kuchanganyia maji, imefunguliwa baridi na moto, maji ya baridi yanavuka humo ndani ya mixa yanaingia kwenye laini ya moto ya nyumba nzima. Kulipima hili ni rahisi, zima umeme wa mashine kwanza, funga valvu ya maji ya baridi yanayoingia kwenye tangi, alafu fungua bomba la moto jikoni. Maji yanatakiwa yakate baada ya muda mfupi. Yakiendelea kutoka kwa nguvu ujue kuna mixa inavusha, zifunge moja moja mpaka uipate. Yule mama tulimbadilishia mixa moja tu, shida ikaisha.

Kama tangi lenyewe ndo la baridi, nenda kwenye mashine usikilize. Feni inazunguka? Kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, inanguruma? Subiri kama dakika kumi alafu weka kiganja pale hewa inapotokea, lazima iwe ya baridi kuliko hewa inayoingia, unaihisi kabisa kama umefungua friji. Ikiwa ya baridi, mashine inafanya kazi, iache imalize. Ikitoka hewa dhaifu angalia yale mapezi membamba ya aluminiamu nyuma, mara nyingi utakuta vumbi, manyoya ya kuku na utando wa buibui vimeganda kama blanketi. Safisha kwa brashi laini kufuata mapezi yalivyosimama, umeme ukiwa umezimwa, na usipige mashine ya kuoshea magari maana yatalala yote na hewa haitapita tena. Na tafadhali usiifungie stoo na magunia ya mahindi, itakuwa inavuta hewa ile ile iliyoipoza yenyewe.

Maji yanayodondoka chini ya mashine ni unyevu wa hewa tu, ni kawaida. Asubuhi ya baridi kali hata barafu inaweza kuota kwenye mapezi, mashine inasimama kidogo kuiyeyusha, ule mvuke sio moshi. Valvu ya usalama kwenye tangi nayo ikidondosha wakati maji yanapata moto usishtuke, lita 150 zikipanda kutoka nyuzi 20 mpaka 60 zinaongezeka kama lita mbili na kitu na lazima ziende mahali. Ila usithubutu kuiziba. USITHUBUTU. Tangi lililozibwa likizidiwa linapasuka na linaweza kuua.

Umeme wetu nao. Ukiwa mdogo kompresa inashindwa kuwaka, na ukizima na kuwasha papo hapo inagoma kwa sababu presha ndani haijakaa sawa, ipe dakika tatu mpaka tano. Breka ikiruka zaidi ya mara moja usiirudishe tena, hapo ni fundi. Ikiandika kodi ya hitilafu kwenye kioo (zile herufi na namba) ipige picha kabla hujazima.

Lakini ugonjwa unaoniumiza zaidi ni huu usioonekana. Mashine nyingi zina elementi ya akiba ndani, kompresa ikifa elementi inachemsha peke yake, maji yako ni moto kila siku hujui kitu, ila LUKU inakimbia. Ukiona uniti zinaisha haraka na feni huisikii siku nzima, shida ndo hiyo.

Na ikifika kwamba kweli ni gesi, muulize fundi inavuja wapi, akuonyeshe povu la sabuni likifura kwenye kiungo. Azibe, avute hewa yote kwa pampu, alafu ajaze kwa mzani, maana kibati cha ubavuni kimeandika aina ya gesi na gramu zake. Kikiandika R290 hiyo ni propani, inalipuka, mwenye sigara au moto wa kuchomelea asiisogelee kabla gesi haijatolewa yote. Fundi akikwambia "nakadiria tu kwa sikio", mlipe nauli yake aende.