Je, wajua kwa nini vyombo vya kulia vya ndege za zamani vilibuniwa na wasanii wakubwa?

Aliyewahi kupanda basi la Mbeya kwenda Dar anaujua mchezo huu. Nauli ya daraja la kawaida na la kati ina ukomo wake, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ndiyo inayoupanga, kwa hiyo wenye mabasi wanagombea abiria kwa mengine: soda baridi, biskuti, kiti cha kulala. Mashirika ya ndege nayo yalifanya hivyo hivyo, ila yenyewe yaliita wasanii.

Kuanzia miaka ya 1940, nauli za kimataifa zilipangwa kwa makubaliano ndani ya IATA, umoja wa mashirika ya ndege. Kushusha bei peke yako ilikuwa mwiko. Hata mlo wa daraja la chini ulichungwa: mwaka 1958 SAS ya Skandinavia ilishtakiwa na washindani wake kwamba sandwichi zake zimenona mno, ikapigwa faini. Basi fedha zikahamia kwenye sahani, glasi na zawadi.

Kisa kinachonichekesha kuliko vyote ni cha Air India. Mwaka 1967 ilimwomba mchoraji Salvador Dalí abuni kisahani cha majivu ya sigara kwa ajili ya abiria wa daraja la kwanza. Akabuni kombe la baharini lililozungukwa na nyoka, likibebwa na bata maji na kichwa cha tembo. Ukikigeuza juu chini, bata anakuwa tembo na tembo anakuwa bata. Vikafinyangwa kwa kauri ya Limoges, Ufaransa. Na malipo? Dalí hakutaka hela, alitaka mtoto wa tembo. Akapelekewa kweli, kwa ndege kutoka Bangalore hadi Geneva, kisha kwa barabara hadi kwake Hispania.

KLM ya Uholanzi tangu 1952 inagawa vinyumba vya kauri ya buluu na nyeupe vyenye pombe ndani. Finnair ya Ufini nayo iliingia New York mwaka 1969 na glasi za mbunifu Tapio Wirkkala, zenye sura ya barafu inayoyeyuka.

Mwaka 1978 Marekani iliachia nauli za ndani zishindane, na nchi nyingine zikafuata taratibu. Bei ziliposhuka, kila kilo ndani ya ndege ikaanza kuhesabiwa mafuta. Plastiki ikaingia, kauri ikawa mali ya wakusanyaji.

Huku kwetu, East African Airways ilianza 1946 ikafa 1977. Kwa hiyo ukikuta chombo chenye nembo yake kwenye kabati la bibi kule Tukuyu au Iringa, usikiuze kwa bei ya kikombe cha kawaida. Hata kwenye mafungu ya mtumba Mwanjelwa, jizoeze kugeuza chombo: jina la kiwanda na la shirika mara nyingi yako chini. Sahani ya ndege huwa ndogo, pengine ya mstatili, ili ienee kwenye trei. Kikombe cha kauri iliyochanganywa majivu ya mifupa ukikielekeza dirishani, kivuli cha kidole chako kinaonekana kwa ndani.

Pitisha ukucha juu ya mchoro. Ukihisi kijituta, rangi ilibandikwa baada ya chombo kupakwa tabaka lake la kung'aa, ikachomwa tena kwa moto mdogo zaidi, kama nyuzi 800. Haina kinga juu yake, kwa hiyo stilwaya itaikwangua yote. Na chenye mstari wa dhahabu kisiingie kwenye maikrowevu, kitatoa cheche.