Lincoln hakuwa wakili wa kijijini

Watu husimulia kwamba Abraham Lincoln alitoka kwenye kibanda cha magogo akaibukia moja kwa moja Ikulu ya Marekani, na kwamba uwakili wake ulikuwa wa kesi ndogondogo tu. Si kweli, na simulizi hiyo inafuta karibu miaka 25 ya kazi ngumu. Mwaka 1834 alichaguliwa kuingia bunge la jimbo la Illinois, akakaa vipindi vinne. Mwaka 1837 alihamia Springfield, mji mdogo ambao yeye na wenzake waliupigania hadi ukawa makao makuu ya jimbo. Kesi za madeni alizipokea, ndiyo, na barua za wateja alizichomeka ndani ya kofia yake ndefu. Lakini aliitetea pia kampuni kubwa ya reli, Illinois Central. Ilipogoma kumlipa ada aliyodai, aliishtaki, akapata karibu dola 5,000.