Kitabu kilichopotea: imani za Wawa na jinsi Ukristo ulivyoingia kwao

"Kitabu kilichopotea" ni simulizi linalojulikana kwa makabila mengi ya milima ya mpakani mwa Myanmar na China. Kiini chake ni kwamba hapo mwanzo Mungu aliwapa watu wote maandishi, mababu wakalipoteza fungu lao, na ndiyo maana jirani wa bondeni ana vitabu na wafalme ilhali wao hawana. Wakareni, kabila jingine la Myanmar, husema kitabu chao kilichukuliwa na ndugu yao mdogo, mzungu, na kwamba siku moja atakirudisha. Wawa husimulia kuwa chao kiliandikwa juu ya ngozi ya ng'ombe; njaa ilipowabana, wakaila.

Wawa, yaani watu wa kabila la Wa, wanaishi kati ya mto Salween na Mekong. Walioko China wako zaidi mkoani Yunnan, katika wilaya za Cangyuan na Ximeng. Walioko Myanmar wako Jimbo la Shan. Lugha yao ina undugu na Kikhmer cha Kambodia, si Kichina wala Kiburma. Husimulia kwamba binadamu wote walitoka katika pango liitwalo Sigang Lih, na wao wakiwa wa kwanza kutoka. Kwa hesabu hiyo Wawa ndio kaka wa mataifa yote, na kaka asiye na kitabu lazima awe na maelezo. Nadhani simulizi la ngozi lilizaliwa hapo.

Waingereza walipoitawala Burma, yaani Myanmar ya leo, waliwagawa watu hawa kuwa Wawa "wakali" na "wapole", kipimo kikubwa kikiwa kukata vichwa. Desturi hiyo ilikuwepo kweli, lakini kuiita ukatili mtupu ni kuikwepa. Ilikuwa tambiko la mazao. Kabla ya kupanda mpunga, wanaume walivizia mtu wa nje ya kijiji, na kichwa chenye ndevu nyingi kilithaminiwa zaidi kwa kuwa kiliashiria shamba litakalostawi. Kichwa kilitiwa katika kikapu cha mwanzi juu ya nguzo na kunyunyiziwa majivu. Majivu yaliyochanganyika na damu yakidondoka, kila kaya ilichukua kidogo ikachanganye na mbegu. Mwishowe fuvu lilipelekwa kwenye msitu wa kijiji, likapangwa pamoja na ya miaka iliyopita.

Kando ya hayo kulikuwa na ngoma ya gogo. Mti mkubwa uliangushwa msituni, kijiji kizima kikaukokota kwa kamba huku kikiimba, kisha ukachongwa mvungu na kuwekwa katika nyumba yake. Ilipigwa wakati wa tambiko na wakati wa hatari. Nyati na kuku walichinjwa kwa ajili ya mizimu, na mifupa ya kuku ilitumika kupigia ramli. Juu ya mizimu yote yupo muumba, Siyiex, na jina hilo ndilo Wakristo wa Kiwa wanalomwitia Mungu mpaka leo.

Katika milima hiyo Ukristo haukuanzia kwa Wawa. William Marcus Young, mmisionari Mbaptisti kutoka Marekani, alifika mji wa Kengtung, Jimbo la Shan, mwaka 1901. Walahu, majirani wa Wawa, walikuwa wamezoea manabii waliotabiri kuja kwa mtu mweupe mwenye kitabu cheupe. Young alipohubiri sokoni akiwa na Biblia mkononi, wengi walimwona kama ndiye. Kuanzia mwaka 1904 Walahu walibatizwa kwa maelfu, kiasi kwamba Wapresbiteri waliokuwa eneo hilo walilalamika kuwa watu wanaingizwa majini kabla ya kufundishwa.

Simulizi linalopendwa makanisani linasema nabii wa Kiwa, Pu Chan, aliwakataza watu wake kukata vichwa, kisha akamwekea farasi tandiko na kuwatuma wanafunzi wamfuate kokote atakakokwenda. Farasi akavuka milima mpaka Kengtung, akasimama kwenye kisima kinachochimbwa, na ndani yake alikuwamo Young. Ni kisa kizuri. Hata hivyo Kengtung ulikuwa mji wa soko, na habari za mzungu mwenye kitabu hazikuhitaji farasi ili zifike milimani. Wachuuzi wa chumvi na nguo walitosha.

Mwaka 1920 familia ya Young ilihamia Yunnan, na mwanawe Vincent akakitungia Kiwa maandishi kwa herufi za Kilatini. Agano Jipya la Kiwa lilichapishwa mwaka 1938. Hapo kile kisa cha ngozi kikapata jibu lake: watu waliosema wamekula kitabu chao walishika kingine, cha lugha yao wenyewe. Kuongoka, kwa walioongoka, kulimaanisha pia kuwa na shule, nyimbo, na kutoogopa kuvuka kijiji cha jirani msimu wa kupanda. Sehemu kubwa ya Wawa, hata hivyo, walibaki na mizimu yao, na wengine walikuwa Wabudha.

Serikali ya China ilikomesha ukataji vichwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Upande wa Burma uliendelea kwa miaka kadhaa zaidi. Wamisionari walikuwa wameshaondoka China, na wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni ibada zilipigwa marufuku. Burma nako, milima ya Wa ikawa mikononi mwa Chama cha Kikomunisti cha Burma hadi mwaka 1989, askari wa Kiwa walipoasi na kuunda jeshi lao, UWSA (Jeshi la Muungano wa Jimbo la Wa), linalotawala eneo hilo mpaka sasa. Septemba 2018 jeshi hilo lilifunga makanisa, likawakamata wahubiri wengi na kutangaza kwamba makanisa halali ni yaliyojengwa kati ya 1989 na 1992 tu. Baadaye baadhi yalifunguliwa tena.