Kurekodi volkano kwa karibu: kinachopimwa na kinachoua

Mtaalamu anayesogeza kamera karibu na volkano anakwenda kupima. Kwenye picha zake husomwa kasi ya lava (mwamba ulioyeyuka unaotoka nje), kimo cha mlipuko na ukubwa wa mawe yanayorushwa. Wingu la majivu ya moto likipita kati ya alama mbili zilizoachana mita 300 kwa sekunde 10, linakwenda kilomita 108 kwa saa. Hakuna binadamu wa kulikimbia.

Katia na Maurice Krafft wa Ufaransa, mke na mume na wataalamu wa volkano, walizigawa volkano katika makundi mawili, nyekundu na za kijivu, na mgawanyo huo bado unafaa kufundishia umma. Nyekundu, kama zile za Hawaii, humwaga lava ya nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi. Inatisha kuitazama, lakini mara nyingi mtu huiepuka kwa miguu. Za kijivu zina magma (mwamba ulioyeyuka ulio bado chini ya ardhi) nzito iliyofunga gesi ndani yake. Kuba la lava, yaani kilima cha lava nzito isiyotiririka mbali, hujijenga kileleni, na likibomoka hushusha mporomoko wa mawe, majivu na gesi wenye joto la mamia ya nyuzi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye volkano ya Unzen, Japani. Kuba lilichomoza Mei 1991, na tarehe 3 Juni sehemu yake ikabomoka. Walikufa watu 43: akina Krafft, mwenzao Mmarekani Harry Glicken, waandishi wa habari, wazimamoto, madereva wa teksi na wengineo. Kilichowaponza kinastahili kueleweka vizuri. Sehemu nzito ya mporomoko, yenye mawe, hufuata bonde, na aliye juu ya ukingo hujiona yuko salama. Wingu la majivu na gesi lililo juu yake halilazimiki kufuata njia hiyo. Bonde linapopinda, wingu hunyoosha, hupanda ukingo na kuunguza kila kilichopo. Kwa hiyo kwenye volkano ya kijivu usalama hupimwa kwa umbali, si kwa kusimama juu ya bonde. Wala mporomoko wa jana si mpaka wa kesho, maana kuba linaendelea kukua.

Mnamo Novemba 1985 tope la volkano ya Nevado del Ruiz lilifukia mji wa Armero, Colombia, na kuua watu wapatao 23,000. Baada ya hapo akina Krafft walitengeneza video ya kueleza hatari za volkano. Ilionyeshwa Ufilipino kabla ya mlipuko mkubwa wa volkano ya Pinatubo ya huko wa 15 Juni 1991, siku 12 baada ya vifo vyao. Waliokuwa na shaka wakajionea, na maelfu kwa maelfu wakahama. Kwetu sisi, hiyo ndiyo kazi yao kubwa kuliko zote.

Ukanda wetu una volkano zisizofuata sawasawa mgawanyo huo wa nyekundu na kijivu. Lava ya Nyiragongo, Kongo, ni nyepesi mno: Januari 1977 nyufa zilifunguka ubavuni, ziwa la lava likamwagika kwa chini ya saa moja, na mkondo ukafikia kasi ya kilomita 60 kwa saa. Lava ya Ol Doinyo Lengai, Tanzania, ina nyuzi 500 hadi 600 tu na mchana huonekana nyeusi kama tope, hivyo ni rahisi kuikanyaga bila kujua.

Karibu na Goma, mji ulio chini ya Nyiragongo, kuna pia mazuku, yaani kaboni dioksidi inayojikusanya mabondeni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Haionekani. Barakoa ya kuchuja gesi za salfa haiizuii. Usiiname wala usimfuate aliyeanguka shimoni bila kifaa cha hewa.

Majivu ya volkano ni chembe kali za kioo na mwamba: lenzi hupulizwa kwanza, haifutwi kwa kitambaa. Mawe yakirushwa, yatazame yanakoelekea kisha ukwepe. Usigeuze mgongo na kukimbia.

Siku hizi kamera zisizohamishika, kamera za joto na droni hufanya sehemu kubwa ya kazi hii. Hata video ya simu iliyopigwa kutoka mahali salama hutusaidia, mradi simu itulie, ndani yake kuwe na alama isiyohama, kama mnara au jengo, na uandike saa na mahali uliposimama.