Je, wajua kwamba kondoo 51 wanaweza kuhesabiwa kama 4?

Funua kope la chini la kondoo aliyeshambuliwa na minyoo wanaonyonya damu tumboni. Badala ya wekundu utaona weupe kama karatasi. Sasa mfunue kondoo mwekundu wa Kimaasai, yule mwenye mkia wa mafuta, aliyelishwa malisho yale yale: mara nyingi kope lake bado jekundu. Damu yake inastahimili minyoo hao kuliko ya Dorper, kondoo wa Afrika Kusini ambaye tangu miaka ya 1970 amepandishwa kwa majike wengi wa Kenya kwa sababu hukua upesi na ana nyama nyingi. Leo kumpata mwekundu asiyechanganyika ni kazi.

Basi tukusanye majike 50 halisi, tuwatafutie dume mmoja mzuri, tuwaache wazaane? Hapana. Hapo ndipo wengi hukosea.

Kila mwanakondoo huchukua nusu ya vinasaba vyake kwa baba. Baba akiwa mmoja, wanakondoo wote ni ndugu, na msimu unaofuata watapandana wenyewe kwa wenyewe. Kasoro zilizokuwa zimejificha hukutana: wana huzaliwa dhaifu, majike hawashiki mimba. Wataalamu hupima hatari hiyo hivi: zidisha madume kwa majike, zidisha tena kwa 4, kisha gawanya kwa jumla ya kondoo wazazi. Mara 4, mara 1, mara 50 ni 200. Gawanya kwa 51, hupati hata 4 kamili! Yaani kwa vinasaba, zizi hilo la kondoo 51 ni kama la kondoo 4 tu. Lakini weka madume 5 kwa majike wale wale 50, utapata 18. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, hushauri hesabu hiyo isipungue 50.

Kwa hiyo dume ndiye wa kumwangalia kwanza. Kila dume arithiwe na mwanawe mmoja, asiwepo bingwa anayezaa na zizi zima, hata awe mzuri vipi. Wafugaji watatu wakishirikiana, dume wa mfugaji wa kwanza aende kwa mfugaji wa pili, wa pili kwa wa tatu, wa tatu kwa wa kwanza. Na Wamaasai wana kifaa chao cha zamani kinachofaa sana hapa: kipande cha ngozi kinachofungwa chini ya tumbo la dume, akachunga na majike siku nzima bila kuwapanda, mpaka mwenyewe aamue kukifungua.