Mawimbi ya Mbao na Sauti ya Mandolini

"Ubao wenye mawimbi ndio unaotoa sauti tamu." Katika yote yanayosemwa kuhusu mandolini, ala ndogo ya nyuzi, zinazotengenezwa kwa mkono, hili ndilo limeota mizizi zaidi, na si ajabu. Shika mgongo wa mandolini ya mepoli, mti wa mbao ngumu, uugeuze polepole kwenye mwanga: mstari uliokuwa mweusi unang'aa, uliokuwa unang'aa unazama, kama maji yanayopita juu ya mchanga. Anayeona uzuri huo huamini kwamba na sauti imefichwa humohumo.

Mawimbi hayo ni nyuzinyuzi za mti zilizokua kwa kupindapinda. Ubao ukipasuliwa, sehemu moja huonyesha ubavu wa nyuzinyuzi na inayofuata huonyesha ncha zilizokatwa, na kila moja hurudisha mwanga kwa njia yake. Ni hilo tu. Tena ubao wa aina hiyo huwa mlegevu kidogo, kwa urefu wake, kuliko ulionyooka wa mti uleule. Kinachobeba sauti zaidi ni ubao wa mbele, na huo kwa kawaida ni msprusi, mti wa jamii ya misonobari, mweupe wenye nyuzinyuzi zilizonyooka, usio na urembo wa kumsimamisha mtu njiani. Mgongo una mchango wake, ndiyo, ila mawimbi yenyewe ni ya macho. Nayapenda mno, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuyatafuta.

Wengine hudhani tumbo la ubao wa mbele, yaani ule uvimbe wake, hupatikana kwa kuupinda kwa mvuke. Zipo mandolini zilizobanwa kwa joto, lakini ile ya kuchongwa hutoka kwenye ubao mnene, kwa patasi na randa ndogo, kama fidla. Orville Gibson wa Kalamazoo, Marekani, alipata hataza ya mandolini ya kuchonga mwaka 1898. Katikati fundi huacha milimita 4 au 5 hivi, kisha hupunguza kuelekea kingo, akibonyeza kwa dole gumba na kugonga kwa kidole huku akisikiliza. Hapo ndipo sauti inapozaliwa, na akizidisha kukwangua hakuna wa kumrudishia alichoondoa.

Je, mepoli yenye mawimbi hufanyiwa kazi kama mbao nyingine? Ijaribu kwa randa isiyonolewa vizuri uone. Kila wimbi linapobadilisha mwelekeo, wembe huingia chini ya nyuzinyuzi na kung'oa vipande, ukabaki na vishimo juu ya uso mzima. Mafundi hutumia wembe wenye meno madogo, au huuweka wima zaidi, kisha humalizia kwa bati jembamba la chuma la kukwangulia. Mbavu, yaani mbao za ubavuni mwa sanduku, ndizo ngumu zaidi kutengeneza. Huwa na unene wa milimita 2 hivi, hulowanishwa na kupindwa juu ya bomba la moto, na hupenda kuvunjika palepale kwenye wimbi. Ndiyo maana huegemezwa kwa ukanda wa bati upande wa nje unaovutika. Mwenye haraka hupoteza mbavu zake hapa.

Na kile kikonokono kilichojikunja begani mwa baadhi ya mandolini, je, huongeza sauti? Karibu chote ni gogo lililojaa. Hewa ya ndani ya sanduku huongezeka kidogo sana. Kinakula saa nyingi za fundi na kinapendeza, lakini kwa sauti, umbo la matundu ya ubao wa mbele lina uzito zaidi. Mwaka 1922 kampuni ya Gibson ilipotoa mandolini ya F-5, iliyosimamiwa na mtaalamu wake wa sauti Lloyd Loar, jipya la kusikika lilikuwa matundu mawili ya umbo la herufi f badala ya tundu moja la yai.

Na mandolini si gitaa dogo. Nyuzi zake 8, jozi nne, hufungwa kwa noti za G, D, A, E kama za fidla. Ndugu zake wakubwa nao hufuata jamaa wakubwa wa fidla: mandola hufuata viola, mandoselo hufuata chelo.

Mwisho, dhana kwamba ubao uliokauka haubadiliki umbo tena. Ubao hunywa na kutoa unyevu maisha yake yote, na wenye mawimbi hujikunja kwa urahisi zaidi kwa sababu ncha nyingi za nyuzinyuzi ziko wazi. Fundi makini huchonga umbo la awali, huuacha ubao utulie kwa wiki kadhaa ndani ya karakana yenye unyevu wa asilimia 40 hadi 50, ndipo hufikia unene wa mwisho. Mandolini ikishamalizika, mwenye nayo aitunze katika hewa kama hiyohiyo.